Programu Isiyomtazama Maestro

Mara ya kwanza kompyuta ilipoimba wimbo wa Maestro, Maestro alisimama akaanza kuiongoza.

Sitanii. Tulikuwa watatu tu katika bureau, ofisi ya parokia: mimi kwenye kiti, padri mlangoni, na Maestro, mwalimu wa kwaya yetu, nyuma yangu ndani ya lile koti lake refu ambalo halijui jua wala mvua. Nilibonyeza pale palipochorwa pembetatu. Sauti ikatoka, nyembamba kama ya mbu aliyepitia seminari, ikaanza "Utukufu" wake. Maestro akainua mikono yote miwili. Akawapa soprano ishara ya kuingia, na soprano wakaingia. Akatabasamu. Akafika mahali anapopenda kushikilia noti mpaka tukaribie kuzimia, akaacha mkono juu. Kompyuta ikapita. Ikashika mstari uliofuata kama pikipiki inayopita kizuizi bila kusalimia askari.

Maestro akabaki na mkono hewani.

"Simamisha hii kitu," akasema.

Nikaisimamisha.

"Haikuniona?"

"Maestro, haina macho."

"Hata ule tenori yetu kipofu hana macho. Mais ananiona."

Padri akageukia ukuta. Mabega yake yalikuwa yanacheka peke yao.

Inafaa nieleze nilivyofika kwenye kiti kile, maana sikufikishwa na utakatifu. Mimi nasoma section ya biashara pale lycée, shule yetu ya sekondari, na huko tunafundishwa kupiga taipu kwa vidole kumi, kwenye mashine za zamani ambazo ukigusa herufi moja zinakuja tatu zikishikana mikono. Kwenye kwaya niko alto, mstari wa nyuma, mahali pazuri sana kwa mtu anayependa kuigiza wenzake. Maestro ana kile chuma chenye meno mawili cha kutafutia sauti, diapasoni. Anakigonga gotini, anakiuma, anafumba macho kama mtu anayeonja mchuzi wa jirani, halafu anatupa do kupitia puani. Jumamosi moja mimi nilikuja na kijiko. Nikakigonga gotini, nikakiuma, nikafumba macho, nikawapa alto do. Mstari wote ukaanguka kwa kicheko. Nilipofumbua macho, padri alikuwa dirishani.

"Weye njo unajua kuandika na vidole kumi?" akauliza.

"Ndiyo, mompere."

"Donc, bitaandika."

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Padri alisoma ng'ambo, na huko alipata rafiki ambaye kazi yake ni kutengeneza programu za kompyuta. Rafiki huyo alikuwa anatengeneza programu ya kuandika noti za muziki. Ilikuwa haijakamilika, kwa hiyo aliwatumia marafiki wa nchi mbalimbali waijaribu. Sahani ya kompyuta yenye programu hiyo ilifika Rughenda, uwanja wa ndege wa mji wetu wa Butembo, kwa ndege ndogo, ndani ya bahasha, pamoja na biskuti zilizovunjika na kurasa nne za maswali. Tungeitumia bure, ila tujibu maswali yote: kipi rahisi, kipi kigumu, kipi kimetuudhi.

"Tutamupatia maoni ya kweli," padri alisema. "Hapana ya kumufurahisha tu."

Hakujua kalamu hiyo anamkabidhi nani.

Programu ilifika wakati wake kabisa. Parokia moja ya Beni ilikuwa na sikukuu, na kwaya yao na yetu zilitakiwa kuimba pamoja, na sisi tulichagua "Utukufu" wa Maestro. Zamani tungekutana Jumamosi mbili tatu tukafanya mazoezi. Lakini ilikuwa vita. Barabara ya Butembo na Beni leo inafunguka, kesho inafungwa, keshokutwa hata anayeifunga hajulikani ni nani. Hakuna mama aliyekubali mtoto wake apande gari kwenda mazoezi tu. Basi Beni wakasema: leteni karatasi, tutajifunza wenyewe. Lakini iwe karatasi ya mistari mitano, kwa sababu mwalimu wao anapiga kinanda na amewafundisha waimbaji wake kusoma hivyo. Isipofika kabla ya mazoezi ya Alhamisi, wataimba Utukufu wanaoujua siku zote, na wa kwetu ungoje sikukuu nyingine.

Sisi hatusomi mistari mitano. Sisi tunasoma herufi: d, r, m, zenye nukta na vistari katikati, kama babu zetu walivyofundishwa na wamisionari. Maestro anaandika nyimbo zake zote kwa herufi, nyuma ya kalenda za zamani ambazo wafanyabiashara wa mjini wanagawa kila mwaka mpya. Ukigeuza wimbo wa Sanctus unakuta Februari na picha ya mabati.

Siku ya pili ya kazi, akiwa anachonga penseli kwa wembe na hanitazami, Maestro aliniambia jambo.

"Miaka yote minaimbisha batu benye nilifundisha miye mwenyewe. Bakiimba muzuri, ni miye. Bakiimba mubaya, ni miye. Sasa nataka nisikie mara moja, mara moja tu, batu benye sikufundisha banaimba wimbo yangu. Njo nitajua kama ni wimbo, ao ni kelele yangu."

Mimi nina utani kwa kila kitu, hata kwa mazishi Mungu anisamehe, lakini hapo nilirudisha vidole kwenye vitufe. Nilimwomba ukurasa wa pili.

Jenereta ya parokia iliwaka saa nane mchana mpaka saa kumi na moja. Katika saa hizo tatu Maestro aliimba kipande, mimi nikatafuta noti, nikaiweka kwenye mstari, noti ikaruka mstari wa juu, nikairudisha, ikaruka chini. Maestro alitaka kujaribu mwenyewe. Nilimpa kile kipanya cha kusogezea mshale. Alikiinua hewani akakielekeza kwenye kioo, kama padri anayenyunyiza maji ya baraka.

"Chini, Maestro. Kinatembea juu ya meza."

"Sasa noti iko juu, miye nitembee chini?"

Jambo lililotuchelewesha zaidi ni do. Kwetu do haina nyumba. Maestro akiuma chuma chake na kuamua do iko hapa, basi iko hapa, na wote tunahamia.

"Maestro, do niiweke wapi?"

"Pale penye nitaitia."

"Programu inasema do iko chini ya mistari yote, pa kamustari kake peke yake."

"Nani aliiuliza?"

Kila jioni jenereta ilipozimwa, mimi nilibaki dirishani na mwanga uliosalia, nikijaza zile kurasa za maswali kwa mkono. Nakumbuka baadhi.

*Je, picha za vitufe zinaeleweka?* Nilijibu: "Ya mkasi inaeleweka. Ile ya kufutia Maestro alidhani ni kipande cha sabuni, akaibonyeza ili asafishe ukurasa. Ukurasa ulisafika. Soprano wote wakaondoka."

*Ni kitu gani kilichokufurahisha?* "Kitufe cha kurudisha kilichofutwa. Tuliwarudisha soprano. Maestro aliwafuta tena na kuwarudisha mara kumi na moja, mpaka akasema angekuwa na kitufe hiki nyumbani kwake angerudisha mbuzi wake wawili walioliwa na wanajeshi."

*Je, sauti ya programu inaridhisha?* Hapo niliweka yule mbu na seminari yake.

*Taja tatizo moja kubwa.* "Programu haimtazami Maestro."

Padri aliyasoma majibu yangu Jumatatu, miguu juu ya gunia la maharagwe. Alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akavaa miwani, akavaa na uso wa padri.

"Andika tena. Ukweli ubakie, ule mbu aende."

"Na kutazama Maestro, mompere?"

Akafikiri. "Iyo ubakishe. Iyo ni kweli."

Jibu la yule rafiki wa ng'ambo lilikuja miezi baadaye. Alishukuru sana, akasema sabuni atairekebisha. Ila tatizo kubwa hakulielewa, akaomba tumtumie picha inayolionyesha. Padri alitaka kumpiga Maestro picha akiwa na mkono juu. Maestro alikataa kwa sababu koti lilikuwa limefuliwa halijakauka.

Lakini ugomvi wa kweli ulikuwa wa kofia.

"Utukufu" wa Maestro una mapengo manne. Kwaya inaimba mstari, inanyamaza kabisa, halafu inaendelea. Kwenye kalenda pengo ni pengo: karatasi nyeupe, hakuna herufi. Kila mtu wa parokia yetu anajua kinachotokea pale. Mama zetu wanatia vigelegele. Hakuna anayewaambia. Wanaona nafasi, wanaijaza, kama unavyoona kiti kitupu ukakaa. Lakini programu haitaki karatasi nyeupe. Ukiacha nafasi bila noti, yenyewe inatia alama ya kunyamaza. Kuna moja kama kofia iliyowekwa juu ya mstari, nyingine kama kofia iliyopinduliwa, nyingine kama mjusi aliyekanyagwa na lori.

"Nani ametia hizi kofia?" Maestro akauliza.

"Programu."

"Toa."

Nikatoa. Zikarudi. Nikatoa tena. Zikarudi na mjusi.

"Inasemaje, hii alama?"

"Inasema: nyamazeni, hesabuni mpaka nne."

Maestro akakaa juu ya gunia. "Batahesabu? Mu Utukufu? Kama batoto ba shule?"

"Maestro, tuandike na mukono hapa juu: vigelegele. Bataelewa."

Nilidhani nimetoa wazo la mwaka. Alinitazama kama nimependekeza tuandike kwenye karatasi kwamba waimbaji wapumue.

"Vigelegele habiandikake. Ukiamuru mutu afurahi, hiyo ni furaha gani? Mutu akisikia wimbo, binatoka. Kama habitoke, wimbo haiko muzuri. Acha hivyo."

"Lakini Maestro, ku Beni bana—"

"Acha hivyo, mutoto."

Niliacha. Kwa siri niliona ni ubishi wa wazee. Siku hiyo niliandika chini ya ukurasa wa mwisho, kwenye *maoni mengine*: "Programu yenu inaogopa nafasi tupu. Na mtunzi wetu anaogopa kuijaza. Mimi niko katikati na vidole vinauma." Padri aliruhusu ipite.

Tulichapa Jumanne saa kumi na dakika hamsini, jenereta ikiwa imeanza kukohoa. Jumatano asubuhi Maestro na mimi tulipeleka bahasha kwa dereva mmoja wa lori, Mwislamu wa pale mjini anayekwenda Beni kila wiki kwa mizigo ya ndugu yake. Aliiweka chini ya mkeka wake wa sala, nyuma ya kiti.

"Hapa hakuna mutu anagusaka," akamwambia Maestro. "Hata bale baaskari ba ku barriere banaheshimu."

"Wasingya, mwanangu," Maestro akamshukuru kwa Kinande, na hakuondoka pale mpaka lori lilipopotea kwenye ukungu.

Jumapili barabara ilikuwa wazi, na dereva yuleyule akatupakia nyuma, kwaya nzima na ngoma mbili, maana alikuwa anarudi kuchukua mzigo. "Leo nabeba bamalaika," akawaambia wenzake kituoni. "Mais malaika wa alto banakula sana, naona matairi." Nilimjibu kwamba matairi yake yalikuwa yamechoka tangu enzi za Nuhu, na tukawa marafiki.

Kizuizi cha kwanza tulipita. Cha pili tulipita. Cha tatu kulikuwa na askari kijana mwenye bandana, amekaa kwenye kiti cha plastiki kama chifu.

"Bozokende wapi?"

"Beni, chef. Kuimba mu misa," dereva akajibu.

"Kuimba?" Akatutazama mmoja mmoja. "Moimbe hapa, nijue kama ni kweli."

Tuliimba. Akasema ni kweli, lakini anataka mwingine wa kuchezeka. Tukaimba wa kuchezeka. Wenzake wakatoka kibandani na sufuria, wakapiga sufuria. Wakataka tena ule wa kwanza. Maestro aliongoza barabarani huku anatazama jua, uso wake umekaza kama ngozi ya ngoma, na mimi nilijua anachohesabu: misa ya Beni inaanza saa tatu, Utukufu unakuja mapema, na "Utukufu" wake hauna kitufe cha kurudisha. Wimbo wa nne nilijifanya nimepoteza sauti. Nikashika koo, nikakohoa kama jenereta ya parokia, nikamwambia askari kwa huruma nyingi, "Chef, ukituimbisha tena, ku Beni batasikia kikohozi tu." Akacheka, akainua mti wa kizuizi.

Tulifika saa tatu na nusu. Kanisa lilikuwa limejaa mpaka ngazi. Watu walikuwa wamesimama mlangoni bega kwa bega, na sisi tuna ngoma, na hakuna njia ya kufika mbele labda tupite juu ya vichwa. Ndani padri wa huko alikuwa anamalizia kuomba huruma. Maestro alijipenyeza mpaka nguzo ya mlango akakwama hapo, mimi nyuma yake, mama zetu nyuma yangu.

Kinanda kikatoa sauti moja. Na kwaya ya Beni, bila sisi, ikaanza.

Maestro alinishika mkono karibu na kiwiko, na hakujua amenishika. Ulikuwa wimbo wenyewe. Tenori wao walikuwa wazito kuliko wetu, soprano wanakata maneno kama wanakatia kuku sombe, majani ya mihogo, lakini ulikuwa wenyewe, mstari kwa mstari, kutoka vinywani mwa watu wasiomjua hata kwa sura. Wakafika pengo la kwanza.

Wakanyamaza. Kanisa zima likanyamaza nao. Moja, mbili, tatu, nne. Nilisikia mtoto anaomba maji. Wakaendelea.

"Bamefika ku kofia," Maestro akanong'ona.

Nilisikia mama mmoja wa kwetu anavuta pumzi nyuma yangu, na ulimi wake unajiandaa. Nikamwegemea Maestro sikioni. "Tujaze? Mama bako tayari."

"Hapana. Hakuna mutu wa kwetu afungue kinywa."

Pengo la pili. Kimya tena, kimya kile cha karatasi, mpaka nikaanza kuichukia ile programu na kila aliyewahi kuizaa. Vidole vya Maestro mkononi mwangu vililegea kidogo, kama mtu anayeweka mzigo chini. Nilitaka kumwambia kosa ni la mashine, tungeandika kwa mkono kama nilivyomwambia.

Wakaimba mstari wa tatu, ule unaopanda. Hapo Maestro ametia kitu ambacho sijui kukieleza. Hata mimi ninayeigiza kila kitu sijawahi kuuigiza. Wakapanda nao vizuri, wakafika juu, wakakuta kofia, wakanyamaza.

Moja.

Mbili.

Na kutoka upande wa wanawake, mbali kule mbele, bibi mmoja ambaye mimi niliona kitambaa chake cha kichwa tu, cha njano, alitoa kigelegele kimoja kirefu, chembamba, kilichopanda mpaka kwenye mabati.

Kwaya ikashtuka. Mpiga kinanda akageuza kichwa. Wakaendelea, lakini sasa walikuwa wanaimba huku wanatabasamu, unasikia tabasamu ndani ya sauti, na walipofika pengo la nne hapakuwa na nafasi ya kuhesabu kitu. Wanawake wa Beni walilijaza wote kwa pamoja, na mama zetu mlangoni wakashindwa kutii, na askari mmoja aliyesimama na bunduki kwenye ngazi akapiga mluzi akajikuta peke yake.

Nilimtazama Maestro. Nilitegemea machozi, nilikuwa nimeshaandaa namna ya kuyasimulia.

"Ule bibi," akasema, "alichelewa nusu ya pigo."

"Maestro!"

"Nusu tu. Si mubaya."

Baada ya misa mpiga kinanda wa Beni alitutafuta uani. Ni mtu mrefu, mpole, mwenye kola safi. Alimshika Maestro mikono yote miwili.

"Maestro, wimbo iko muzuri sana. Mais karatasi yako iko na kimya mingi. Wiki yote tulikuwa tunajiuliza: huyu baba alifiwa na nani?"

"Ile kimya haiko yangu," Maestro akasema. "Ni ya mashini."

"Na uko na zingine?"

Maestro akavuta pumzi, akafungua koti. Ndani, upande wa moyo, zilikuwa kalenda zimekunjwa mara nne, nene kama kamusi: Januari, Aprili, Agosti, miaka mitatu ya mabati na sabuni na mafuta ya mawese. Aliziweka mikononi mwa yule mtu mmoja baada ya nyingine, akitaja kila wimbo jina lake.

"Hizi ni herufi," mpiga kinanda akasema. "Ninaomba kwa mistari."

Wote wawili wakageuka kunitazama. Mimi tayari nilikuwa nimekwenda kumsaidia dereva kukagua matairi.